Magongo 11, sita nje: kisa cha mfuko mmoja wa besiboli, Jinja

Mwamuzi alikagua mfuko mzima kwa dakika 12. Alipomaliza, magongo manne yalikuwa yamelala kwenye nyasi upande wake wa kulia, sita upande wa kushoto, na moja bado alikuwa amelishika, akiukodolea macho mpini wake.

“Afande, haya sita yarudi kwenye gari. Hata kwenye benchi nisiyaone.”

“Yote sita, mwalimu? Mechi ni saa nne.”

“Yote sita. Hili la mkononi tafuta utepe, nakupa robo saa.”

Timu ni ya vijana wa miaka 13 na 14, kutoka shule iliyo karibu na kambi ya jeshi. Kocha ni askari mstaafu, ndiyo maana hata mwamuzi, ambaye siku za wiki hufundisha hesabu, humwita Afande. Mashindano yalikuwa yanafuata kanuni za Little League, shirika la Marekani la besiboli ya watoto na vijana. Kisa chenyewe ni cha kuunganisha: kasoro zinazokutwa kila mara kwenye magongo yanayotumika nchini zimekusanywa kwenye mfuko mmoja, ili zionekane kwa pamoja na kila moja itafutiwe chanzo.

Msomaji wa Tanzania asishtuke na neno gongo. Hapa si pombe. Hiyo huku tunaiita waragi. Na tukisema gongo la chuma tunasema kama watu wasemavyo uwanjani, ingawa ndani yake hakuna chuma. Ni bomba la alumini iliyochanganywa na zinki na magnesi, lenye ukuta wa unene wa milimita chache tu. Sehemu nene ya kupigia tutaiita tumbo, inapopungua kuwa nyembamba ni shingo, kisha mpini, na mwishoni kifundo kinachozuia mkono usiteleze. Upande wa pili, kwenye ncha ya tumbo, bomba limezibwa na kifuniko cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi. Kifuniko hicho kidogo kitatusumbua sana mbele.

Alama kabla ya chuma

Mwamuzi hakuanza kwa kutafuta nyufa. Alianza kwa kusoma. Magongo mawili yaliwekwa kushoto kabla hajayagonga hata mara moja, na hayo mawili hayakuwa na ufa, mbonyeo wala mlio mbaya. Yalikuwa mazima kabisa.

La kwanza lilikuwa na maandishi “1.15 BPF” shingoni na hakuna alama nyingine. La pili lilikuwa na muhuri wa BESR. Hizo ni alama za vipimo vya zamani vya jinsi gongo linavyourusha mpira, na magongo yote mawili yaliwahi kuwa halali. Kanuni ndizo zilizohama.

Inafaa kuelewa kwa nini zilihama, maana bila hapo kocha ataona anaonewa. Mpira wa besiboli ukikutana na gongo la mbao, mpira ndio unaopondeka, na unapopondeka hupoteza nguvu nyingi ndani yake. Ukikutana na bomba la alumini, ukuta wa tumbo huingia ndani kidogo kisha hurudi, kama ngozi ya ngoma. Mpira unapondeka kidogo zaidi, nguvu inayopotea ni ndogo, na unaondoka kwa kasi zaidi. Kadiri ukuta ulivyo mwembamba, ndivyo ngoma inavyoruka. Anayelengwa na mpira huo mara nyingi ni mrushaji, ambaye kwa umri huu husimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, yaani mita 18.44, na akishamaliza kurusha huwa amesogea mbele zaidi ya hapo. Muda wake wa kuinua glavu ni kama kufumba na kufumbua.

Ndipo vikaja vipimo. Magongo ya alumini yaliruhusiwa kwenye vyuo vya Marekani mwaka 1974, na kwa miaka mingi watengenezaji walishindana kuyafanya yapige kwa kasi zaidi. BESR kilikuwa kipimo kilichoangalia kasi ya mpira unapoondoka. Kikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na BBCOR: vyuoni mwaka 2011, shule za sekondari za Marekani kuanzia Januari 1, 2012. Kwa BBCOR, maabara hurusha mpira kwa mzinga wa hewa kwenye gongo lililoshikiliwa, kisha hulinganisha kasi ya kwenda na ya kurudi. Thamani isizidi 0.50. Gongo la BBCOR pia halitakiwi kuwa jepesi mno. Ukichukua urefu wake kwa inchi ukatoa uzito wake kwa aunsi, tofauti isizidi 3. Kwa hiyo la inchi 32 haliwezi kuwa chini ya aunsi 29, ambazo ni gramu 822 hivi.

Kwa watoto kuna alama ya USABat, iliyoanza kutumika Januari 1, 2018. Imewekwa ili gongo la alumini lipige karibu sawa na la mbao, na haina sharti la tofauti ya uzito, kwa hiyo mtoto mwembamba anaweza kupewa gongo jepesi. Kwa kundi la miaka 13 na 14, Little League inakubali USABat au BBCOR, urefu usiozidi inchi 34 (sentimita 86.4), na kipenyo cha tumbo kisichozidi inchi 2 na 5/8, yaani milimita 66.7. Wakipanda kundi la juu yake, ni BBCOR peke yake.

Sasa turudi kwenye lile la 1.15 BPF. Timu ya Lugazi ilipofika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, na Uganda iliporudi huko 2015, 1.15 BPF ndiyo ilikuwa alama ya halali ya umri ule. Kwa hiyo makocha wengi wa ukanda wa Lugazi na Jinja walijifunza kuitafuta alama hiyo na kuiamini. Kuanzia 2018 haifai tena peke yake. Familia za Marekani zilibidi zinunue mapya, na si ajabu magongo ya zamani yakaishia kwenye mifuko ya misaada. Mtoaji alitoa kwa moyo safi. Aliyepokea ndiye alipaswa kusoma shingo za magongo siku mfuko ulipofunguliwa, mwezi wa pili, badala ya kusomewa na mwamuzi mwezi wa saba.

Na asingekagua? Gongo lisiloruhusiwa likigunduliwa kabla mpigaji anayefuata hajaingia kwenye kisanduku chake, aliyelitumia anatoka, na timu inapoteza mmoja wa makocha wa kwenye besi kwa mechi yote iliyobaki. Mwamuzi yule aliwafanyia Afande na vijana wake hisani.

Gongo safi kuliko yote

La tatu kukataliwa ndilo lilimuuma Afande zaidi, maana lilikuwa linang'aa. Mwanafunzi mmoja, kiranja wa stoo, alilisugua kwa waya wa kusugulia sufuria na mchanga mpaka alumini ikatoka nyeupe kama sufuria ya sikukuu. Rangi ilikwisha, na alama ya USABat ikaondoka na rangi. Mwamuzi aliligeuza mara tatu akitafuta.

“Lilikuwa nayo, mwalimu. Mimi mwenyewe niliiona.”

“Naamini, Afande. Lakini mimi nasaini ninachokiona.”

Alama isiyosomeka ni sawa na alama isiyokuwepo. Tena waya ule huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, jambo tutakalolirudia.

Vumbi la marramu lazima litolewe, hilo halina ubishi, kwa sababu ni kali na hula rangi taratibu kila magongo yanaposuguana ndani ya mfuko. Lakini linatoka kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji yenye sabuni kidogo ya kufulia au ya mche, kikakamuliwa. Futa kuanzia kifundo kwenda kwenye ncha, pitisha kitambaa cha pili chenye maji matupu, kausha kwa cha tatu. Gongo lisizamishwe ndani ya ndoo. Doa la ngozi ya mpira, ule weusi unaobaki tumboni, halimdhuru mtu, liache. Petroli na tina hulainisha rangi na gundi ya kifuniko, visitumike kabisa.

Lililobonyea bila kubonyea

Gongo la nne halikuwa na shimo lolote la kuonekana. Mwamuzi alipitisha pete yake ya kupimia kutoka kwenye ncha, ikateremka sentimita 9 ikakwama. Akaligeuza robo, ikakwama palepale. 

Tumbo lilikuwa limekuwa yai. Upande mmoja umebapa, na bomba likibapa upande mmoja hupanuka kwenye pande zake mbili, kwa hiyo kipenyo kinazidi 66.7 kwa mwelekeo mmoja huku kikipungua kwa mwingine. Ukizungushia uzi na kupima mzingo hutaliona tatizo, maana mzingo unabaki karibu milimita 209 na nusu vilevile. Pete ndiyo inayosema kweli.

Chanzo kilikuwa mazoea ya mbao. Mpigaji wa gongo la mbao hufundishwa aweke nembo juu au chini ili mpira ukutane na nyuzi za mti mahali penye nguvu. Fundisho ni sahihi, kwa mbao. Bomba la alumini halina nyuzi. Vijana 14 wakishika gongo moja nembo juu, kila siku, msimu mzima, mipira yote inaangukia eneo moja la ukubwa wa kiganja. Dawa ni kuzungusha robo kila baada ya mapigo machache. Kwa mazoezi, mabadiliko ya mpigaji ndiyo alama nzuri ya kukumbuka. Weka nukta nne za rangi kwenye kifundo, anayepokea gongo aweke nukta inayofuata juu. Zinachukua dakika moja kuchora, na hazivunji kanuni yoyote.

Lakini kubapa haraka namna ile hakuletwi na nembo peke yake. Mipira ilikuwa imeloa. Mvua za mwezi wa tatu hadi wa tano zilikuta mazoezi yakiendelea asubuhi kwenye nyasi zenye umande na maji, na mipira ilirudishwa mfukoni mbichi. Mpira wa besiboli ndani yake ni uzi wa sufu uliofungwa kuzunguka kiini, juu ngozi. Mkavu una aunsi 5 hadi 5 na robo, gramu 142 hadi 149. Ukinywa maji unakuwa mzito, na nguvu hiyo ya ziada inalipwa na ukuta wa gongo. Mizani ya jikoni inatosha kuutambua. Mpaka tunaoupendekeza ni gramu 155: ukizidi hapo, mpira unaenda kutandikwa kivulini ukauke, hata siku tatu, au unatumika kwa kudaka na kurushiana tu. Mipira ya mpira mgumu yenye vidoti, ile ya mashine za mazoezi, ni mibaya zaidi na haikaribishwi kwenye gongo la alumini hata ikiwa mikavu.

Ufa

La tano. Hapa ndipo penye hatari ya kweli, kwa hiyo tukae kidogo.

Siku mbili kabla ya mashindano kijana mmoja alisema, “Afande, hili halilii tena.” Afande aliligonga kwa ufunguo, akasikia mlio, akalirudisha. Mwamuzi aliligonga vilevile akalitoa. Tofauti ni kile walichokuwa wanasikiliza. Gongo zima lina mlio wa juu unaodumu, kama kengele ya shule iliyoning'inizwa. Lenye ufa hulia pia, lakini mlio unakatika mapema na una mkwaruzo ndani yake, kama sufuria iliyopasuka. Usiligonge moja peke yake. Shika magongo mawili ya aina moja kwa vidole viwili chini ya kifundo, yaning'inie huru, uyagonge kwa mpini wa bisibisi tumboni, moja baada ya jingine. Sikio linalinganisha vizuri kuliko linavyokumbuka.

Ufa ulikuwa sentimita 14 kutoka kwenye ncha, umelala kwa urefu, mrefu kama sentimita 2, mwembamba kama unywele. Mahali hapo si bahati mbaya. Sehemu tamu ya kupigia iko kati ya sentimita 10 na 18 kutoka kwenye ncha, na ndiyo inayobeba karibu kazi yote. Alumini ina tabia moja ambayo chuma cha pua au cha kawaida hakina kwa kiasi hicho: haina kiwango cha pigo dogo ambacho unaweza kulirudia milele bila gharama. Kila pigo linahesabiwa. Gongo lililopiga mara nyingi litapasuka siku moja hata likitunzwa kama mboni. Matunzo huisogeza siku hiyo mbali, hayaifuti.

Swali gumu ni kutofautisha ufa wa chuma na mchubuko wa rangi. Pitisha ukucha kwa kukatiza mstari: ukinasa pande zote mbili, shuku. Kama bado huna hakika, tumia njia ya karakana. Safisha mahali hapo na ukaushe. Paka mafuta ya taa kidogo kwa pamba, tone moja au mawili tu, subiri dakika 20 yajipenyeze. Futa mpaka pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki uliosagwa laini. Subiri dakika 10. Mchubuko wa rangi utabaki mweupe. Ufa utayarudisha mafuta juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukimaliza osha kwa sabuni, kwa sababu mafuta hayo yakiachwa yataifikia gundi.

Afande, kama mtu yeyote aliyekulia karibu na mafundi, aliwaza kuchomelea. Ukienda Katwe, Kampala, utapata mtu anayesubu sufuria kwa alumini chakavu na mwingine anayeweza kuziba karibu kitu chochote, na kazi yake itakuwa safi. Tatizo haliko kwa fundi. Alumini ya gongo imepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa kuchomelea huuondoa ugumu huo sentimita kadhaa kuzunguka ufa. Unarudishiwa gongo lenye mshono mgumu katikati ya eneo laini, na pembeni mwa mshono ndipo litakapokatika. Likikatika mkononi mwa mpigaji anayezungusha kwa nguvu zote, tumbo la bomba lenye makali linaruka kuelekea besi ya tatu. Hata likishika, gongo lililofanyiwa kazi na fundi limebadilishwa, na lililobadilishwa haliruhusiwi.

Hirizi ndani ya gongo

La sita lilikuwa linacheza. Mwamuzi alilitikisa karibu na sikio na ndani kukasikika kitu kama hirizi yenye mbegu. Aliposhika kifuniko cha ncha kwa vidole, kikazunguka.

Hili ndilo lenye kumbukumbu nzuri kuliko yote, kwa sababu mwalimu wa sayansi alilitumia darasani na kuliandika uzito. Ni gongo la USABat la inchi 30, aunsi 20, yaani gramu 567. Pamoja na utepe lilipima gramu 585 lilipofika. Siku ya mashindano mizani ilisema 621. Gramu 36 ziliingia wapi?

Ziliingia kwa kifuniko, kwa hatua tatu. Bamba la nyumbani la uwanja ule, lile ambalo mpigaji husimama kando yake, lilikuwa limefinyangwa kwa saruji. Kila mpigaji ana kawaida ya kugusa bamba kwa ncha ya gongo kabla ya kujiweka sawa, mara mbili tatu. Kwenye bamba la mpira, hakuna neno. Kwenye saruji, kila mguso ni nyundo ndogo kwenye kifuniko cha plastiki. Hatua ya pili ni stoo. Paa ni bati bila dari, magongo yalisimamishwa ndani ya pipa chini yake. Joto la mchana haliwezi kuigusa alumini, lakini gundi ya kifuniko hulainika, hupoa, hulainika, mpaka inaachia. Hatua ya tatu ni namna yalivyosimamishwa: ncha chini, kifundo juu, ili yashikike kirahisi. Bati lilivuja mwezi wa nne. Chini ya pipa palikaa maji yenye mchanga, na vifuniko vilivyokwishalegea vilikuwa humo ndani.

Mlio wa hirizi ulikuwa vipande vya gundi kavu na punje za mchanga. Maji yalikuwa sehemu ya uzito.

“Nikitoa kifuniko, nimwage, nigandishe upya kwa gundi nzuri?”

“Hapana, Afande. Wanaochonga ukuta kwa ndani wanaingilia hapohapo. Mimi nitajuaje wewe uliingia kumwaga maji?”

Kukwangua ukuta kwa ndani ili uwe mwembamba ni udanganyifu unaojulikana, na njia yake ni kifuniko. Kifuniko kilichofunguliwa kinaliharibia gongo jina, hata aliyekifungua awe mtu wa namna gani.

Lililopona

Gongo la 11 lilikuwa BBCOR la inchi 32, zima, lakini utepe wa mpini ulikuwa umechakaa kutoka juu, umebaki sentimita 19. Kanuni inataka gongo lisilo la mbao lifunikwe mpini angalau inchi 10, sentimita 25.4, kupimwa kutoka mwisho mwembamba, kwa kitu kisichoteleza. Kijana mmoja alikuwa na utepe wa raketi mfukoni.

Kazi ya robo saa ilienda hivi. Utepe wa zamani ukakatwa kwa urefu na kung'olewa wote, kwa sababu mpya juu ya wa zamani huteleza na kuunenepesha mpini. Gundi iliyobaki ikakwanguliwa kwa ukucha na kadi ngumu ya plastiki, kisu hapana. Mpini ukafutwa kwa spiriti, ukaachwa dakika 3. Utepe ukaanzia kwenye kifundo, mzunguko mmoja kamili mahali pamoja, kisha ukapanda kwa mshazari ukivutwa wastani, kila mzunguko ukiukalia uliotangulia kwa milimita 3. Ukifika sentimita 27 ukakatwa na kufungwa kwa utepe wa umeme, mizunguko mitatu. Wengine hutumia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Hushika vizuri ukiwa mkavu, lakini ukiloa jasho huteleza kama kambare, na uzito wake unausogeza mzani wa gongo kwenye mikono.

Baada ya hapo

Timu ilicheza na magongo matano. Kwa vijana 14 si haba, mradi yazungushwe.

Pipa lilitolewa stoo. Mahali pake seremala wa shule alipigilia mbao mbili ukutani, zenye nafasi za upana wa milimita 35, sentimita 12 kutoka katikati ya moja hadi ya nyingine. Mpini unaingia, kifundo hakipiti, gongo linaning'inia ncha chini bila kugusa sakafu, na matumbo yanaachana sentimita 5, hayagongani. Mbao zimewekwa upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri. Bamba la saruji lilifunikwa kwa kipande cha mkanda wa mpira mzito kilichokatwa kwa umbo lake, inchi 17 mbele, na misumari yake imezama ili isiguse ncha.

Pete ya kupimia haikununuliwa. Plastiki ya jerikeni kuukuu, bapa, bikari yenye nusu kipenyo cha milimita 33.5, wembe, na msasa kidogo ukingoni: gongo zima linapita, lililokuwa yai halipiti. Kabla ya kila mazoezi kiranja wa stoo hutumia dakika moja kwa gongo: husoma alama, hupitisha pete, hulitikisa, hujaribu kukizungusha kifuniko, huligonga. Uzito hupimwa Jumamosi na kuandikwa. Ukipanda kwa gramu 5 bila utepe kubadilishwa, gongo linashushwa ukutani.

Watakaohamia Kabale waongeze sharti moja: asubuhi za baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, watengenezaji wengi huonya watu wasipige, kwa sababu mpira unakuwa mgumu na gongo ndilo linalokubali kubonyea. Jinja hawana shida hiyo.

Lenye ufa, lililobapa na lile la hirizi yalikatwa kwa msumeno katikati ya tumbo kabla ya kupewa mnunuzi wa vyuma chakavu. Afande alisita, akasema yanaweza kufaa kwa mazoezi ya kuzungusha tu bila mpira. Mwalimu mmoja wa shule akamkumbusha kwamba gongo lililo zima kwa macho hurudi kwenye mfuko lenyewe. Yale mawili ya alama za zamani na lile lililosuguliwa yalibaki kwa mazoezi ya kupiga mpira uliowekwa juu ya kigingi, bila mrushaji mbele, mpigaji akielekea wavu. Vifundo vyao vimepakwa rangi nyekundu, na hayana nafasi kwenye mbao za ukutani. Yanakaa ofisini kwa mwalimu, chini ya meza.